Polisi na vijana: mpira peke yake hautoshi

Mwaka wa 1914, watoto wa mitaa maskini ya New York walicheza barabarani, kati ya magari na mikokoteni ya farasi, na polisi waliwafukuza. Mkuu wa polisi wa mji, Arthur Woods, aliona afadhali kufunga barabara kadhaa kwa saa fulani ili wacheze salama. Ndiyo chanzo cha Police Athletic League, inayoendesha michezo ya vijana hadi leo.

Mwaka wa 1954, huko Louisville, mtoto wa miaka 12 aliibiwa baiskeli. Askari polisi Joe Martin, aliyekuwa akifundisha vijana ngumi, alimshauri ajifunze kwanza kupigana. Miaka 20 baadaye Kinshasa ilimshangilia mtoto huyo: Muhammad Ali.

Polisi wa Kongo wanaweza kuiga mfano huo, kwani kufunga barabara hakugharimu sana. Lakini kijana anayecheza na polisi mchana, kisha usiku akaombwa pesa na polisi yuleyule kwenye kizuizi, hatamwamini. Viongozi wa polisi wafungue viwanja, na siku hiyohiyo wawaadhibu wanaowanyang'anya vijana.