Nani Ana Ruhusa ya Kumsimamisha Daktari?

Taasisi ikikwama, macho yetu huenda juu. Hospitali ikiwa chafu tunauliza mganga mfawidhi ni nani, shule ikifelisha tunataka mkuu wa shule ahamishwe, halmashauri ikilala tunamsubiri mkurugenzi mpya. Mazoea haya yana sababu, kwani saini ya mkuu ndiyo inayofungua fedha na ndiyo inayoajiri. Lakini yamewaaminisha watu wengi wenye uwezo walioko katikati, yaani muuguzi mfawidhi wa wodi, mwalimu wa taaluma au mkuu wa masjala, kwamba sehemu yao ni kusubiri. Toleo hili tumeliandaa kwa ajili yao. Ninachokishikilia ni kwamba mtu asiye na kauli ya mwisho anaweza kuibadilisha taasisi, ila anahitaji mambo mawili yaende pamoja: ushahidi uliotoka kwenye kazi yake mwenyewe, na ruhusa, hata iwe ndogo, ambayo wakubwa wameitoa waziwazi kwa walio chini. Mifano nimeichukua hospitalini, kwa kuwa huko kosa na ushindi vyote vinahesabika kwa maisha ya watu.

Wa kwanza ni Ignaz Semmelweis, ambaye tangu mwaka 1846 alikuwa daktari msaidizi wa Profesa Johann Klein katika kliniki ya kwanza ya uzazi ya Hospitali Kuu ya Vienna. Kliniki hiyo ilifundisha madaktari; ya pili, jirani yake, ilifundisha wakunga. Katika miaka ya kabla ya hapo, kati ya wazazi 100 waliolazwa kliniki ya madaktari walikufa kama 10, wengi wao kwa homa ya uzazi, na kwa wakunga hawakufika 4. Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alikufa baada ya kukatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, na dalili zake zikafanana na za wale wanawake. Semmelweis akaelewa kwamba madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi, mikono yao ikibeba kifo. Mwezi Mei akaagiza kila anayeingia wodini anawe kwa maji ya klorini. Aprili vifo vilikuwa zaidi ya 18 katika kila 100. Juni vilibaki kama 2.

Ushahidi mzito kuliko huo ni vigumu kuupata, lakini haukumwokoa. Wakubwa waliomuunga mkono hawakuwa bosi wake. Mmoja wao, Josef Škoda, alipopendekeza iundwe tume ya kuchunguza jambo hilo, Klein aliona anachunguzwa yeye, akapinga, na wizara ikaizuia. Machi 1849 mkataba wa Semmelweis ulikwisha, haukuongezwa, na mwaka uliofuata akaondoka Vienna. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, pamoja na barua za wazi zilizowaita wapinzani wake wauaji. Ni kawaida kumlaumu kwa hasira yake, au kumlaumu Klein kwa kiburi chake. Mimi naona udhaifu mkubwa zaidi mahali pengine: agizo lile lilimtegemea mtu mmoja mwenye cheo cha muda. Hakukuwa na mkunga wala mwanafunzi aliyepewa haki ya kumwambia profesa, "Hujanawa." Msaidizi alipoondoka, nguvu ya agizo lake ikaondoka naye.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, mwaka 2001, daktari wa wagonjwa mahututi aitwaye Peter Pronovost alikabiliana na tatizo la ukoo huohuo katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Mpira mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu huokoa maisha, lakini ukiingizwa vibaya huleta maambukizi yanayoua. Pronovost hakuwa mkuu wa hospitali. Aliandika hatua tano kwenye karatasi moja: nawa mikono kwa sabuni, safisha ngozi ya mgonjwa kwa klorheksidini, mfunike mwili mzima kwa shuka zilizotakaswa, vaa barakoa, kofia, gauni na glavu, kisha funika kidonda kwa bandeji safi. Hakuna jipya hapo. Kila daktari alifundishwa chuoni. Jipya ni utaratibu alioufuata. Kwanza aliwaomba wauguzi watazame kwa mwezi mmoja tu, bila kugombana na mtu. Wakakuta kwamba kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa, daktari aliruka angalau hatua moja. Akiwa na hesabu hiyo ya wodi yao wenyewe, aliushawishi uongozi uwape wauguzi ruhusa ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Mwaka uliofuata, maambukizi katika siku kumi za mwanzo za mpira yalishuka kutoka asilimia 11 hadi sifuri.

Katika simulizi hii watu hupenda kuisifu ile karatasi. Mimi nasifu ruhusa. Karatasi bila ruhusa ni tangazo jingine ukutani, nasi tunayo mengi. Muuguzi aliyekwisha kukemewa mbele ya mgonjwa hahitaji kukumbushwa kwamba mikono huoshwa. Anahitaji kujua kwamba akisema "Dokta, subiri", kesho hataitwa ofisini kujieleza.

Mpango huo ulipopelekwa katika wodi zaidi ya 100 za wagonjwa mahututi jimboni Michigan, maambukizi yalipungua kwa hadi asilimia 66, na nafuu hiyo ikadumu kwa miezi 18 iliyofuatiliwa. Kilichonigusa zaidi ni sabuni ya klorheksidini. Kila wodi ilipangiwa kiongozi wa juu wa hospitali aitembelee walau mara moja kwa mwezi, asikilize na atatue. Viongozi hao waligundua kwamba wodi nyingi hazikuwa na klorheksidini kabisa. Wauguzi na madaktari walikuwa wakidaiwa hatua ya pili bila dawa ya kuitekeleza, na hakuna bidii ya wodini ambayo ingeinunua. Mtu wa juu alipofika na kuona, ikanunuliwa.

Hapo linajibiwa pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito wote: kwamba kusema watu wa kati waongoze mabadiliko ni kuwabebesha mzigo wa wakubwa, bila mshahara wala cheo. Ikiwa maana yake ni "jitahidini na hichohicho mlichonacho", pingamizi ni sahihi, nami ningekuwa wa kwanza kulitia saini. Watumishi wetu wamechoka kuambiwa wawe wabunifu na watu wasiojibu barua za kuomba glavu. Hoja yangu haimpunguzii mkuu kazi, inambadilishia. Anadaiwa ruhusa iliyotamkwa mbele ya wote, anadaiwa vifaa, na anadaiwa kufika mahali kazi inapofanyika.

Wengine watauliza: kama mbinu imeshathibitika, kwa nini mkuu asiiagize tu, tukaokoa muda? Uingereza ilijaribu jambo linalokaribiana na hilo kati ya mwaka 2009 na 2011, kwa mpango wa kitaifa wa kuifikia Michigan. Maambukizi yalishuka, lakini yalikuwa yakishuka hata katika wodi zilizokuwa hazijaanza mpango, na watafiti hawakuweza kusema kwamba mpango ndio ulioleta nafuu. Waliokaa wodini kuchunguza walikuta watumishi wengi wakiuona kama agizo jingine la kutoka juu. Agizo lina nguvu yake, lakini halimpi mtu hamu ya kuhesabu makosa ya wodi yake na kuumia kwayo.

Karibu na sisi, mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Tanzania, ikisaidiwa na Japani kupitia shirika lake la ushirikiano, JICA, ilianza kuingiza hospitalini mfumo wa 5S wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya mfano. Mbinu ilizaliwa viwandani Japani, ikapitia hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, ikafika kwetu na maneno yaliyokaa vizuri mdomoni: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mlango ulifunguliwa na wizara, ila kazi yenyewe ilikabidhiwa timu ndogo ndani ya kila idara. Kupanga rafu ya dawa ili inayokaribia kuisha muda ikae mbele na ionekane bila kupekua ni uamuzi wa anayeshika rafu hiyo kila asubuhi. Neno gumu kati ya yale matano ni la mwisho. Juhudi nyingi za aina hii zimekuwa nguvu ya soda, kwa sababu kinara alihamishwa na kituo kikabaki na lebo zinazobanduka.

Hofu ya kuhamishwa ndiyo pingamizi la mwisho, na ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini zaidi: ukijitokeza utaitwa mwenye kiherehere, na barua itakufuata. Ni kweli, hutokea. Kwa hiyo simshauri mtu aanze peke yake wala aanze na majina ya watu. Aanze na kipande kilichomo ndani ya majukumu yake, ahesabu pamoja na wenzake, na kwenye mkutano apeleke namba za wodi nzima badala ya jina la daktari fulani. Palipo na wizi au unyanyasaji njia hii haitoshi, na kumwambia mtu avumilie akihesabu ni kumdhulumu. Huko zinahitajika taratibu za malalamiko zenye meno. Lakini sehemu kubwa ya yanayotuumiza kazini ni ya aina ya ile mikono isiyonawiwa: yanajulikana na kila mtu, na hayana mwenye ruhusa ya kuyasimamisha. Nawaomba wakuu wa taasisi watakaolisoma toleo hili wachague jambo moja la namna hiyo mwezi huu, waandike ni mtumishi wa ngazi gani anayeweza kusema "simama", na waisome ruhusa hiyo mbele ya madaktari na wauguzi wakiwa wamekaa chumba kimoja.