Mgambo Wastahili Mnara

Taifa lisilowaenzi waliolifia hujifunza woga. Kwa sababu hiyo twaunga mkono, bila kigugumizi, ujenzi wa mnara wa kuwakumbuka mgambo waliopigana katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Rai yetu ni kwamba mnara huo usimame Kyaka, kando ya Mto Kagera, mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja.

Mgambo hakuwa askari wa mshahara. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitamka kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma. Tangu hapo wakulima na wafanyakazi walijifunza kwata na shabaha, kisha wakarejea kwenye shughuli zao. Amin alipouvamia mkoa ulioitwa wakati huo Ziwa Magharibi, mwishoni mwa Oktoba 1978, raia hao waliitwa kwa makumi ya maelfu wakaliongezee nguvu Jeshi la Wananchi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Vita vilipokwisha, wengi wa mgambo walirudi majembeni.

Wapo wasemao kwamba mnara haulishi wala hautibu, na kwamba heri fedha hizo zijenge zahanati. Wenye hoja hii si maadui wa nchi, nao wanastahili jibu. Zahanati twazihitaji, na tuzijenge. Lakini kila zahanati husimama juu ya ardhi iliyolindwa na mtu. Wala hatuombi marumaru kutoka ng'ambo; mawe ya Kagera na mikono ya mafundi wetu vyatosha.

Wengine husema kwamba Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya mashujaa, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka. Ni kweli, nasi twaiheshimu ardhi ile. Hata hivyo, kaburi hutuambia nani amekufa. Halimwelezi mwanafunzi jinsi mkulima wa kawaida alivyoacha mke, watoto na shamba akaenda kuzuia uvamizi. Somo hilo ndilo litakalochongwa Kyaka.

Jambo moja tulishike kwa nguvu: mnara huo uandikwe majina. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilisimamisha Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam. Maandishi yake yanaahidi kwamba jina la aliyeipigania nchi yake litakumbukwa na wanawe. Lakini hapana jina hata moja la askari wala mpagazi lililoandikwa pale. Mkoloni aliwatumia watu wetu kwa vita vyake, akawakumbuka kwa jumla. Je, sisi tuliopigana vita vyetu wenyewe tufuate mfano huo? Hasha! Liandikwe jina la kila mgambo aliyekufa, kijiji chake, na kazi aliyoiacha: mkulima, mvuvi, mwashi.

Kazi hiyo haingoji jiwe la msingi. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70, na kila mzee anayezikwa huondoka na majina asiyaweze kuyataja mwingine. Walimu na wanafunzi, kalamu mnazo. Nendeni kwa wazee wa vijiji vyenu, mkayaandike majina hayo kabla hayajafutika. Mawe yatasubiri, wazee hawatasubiri.