"Si Ni Ex Wako Tu?" Kwa Nini Karao na Koti Wanafaa Kufunzwa Kumtambua Stalker

Huku mtaani "kustalk" imekuwa jokes. Unaambia beshte yako umemstalk crush wako mpaka picha zake za 2016, mnacheka, story inaisha. Shida ni kwamba hiyo jokes inafika mpaka kaunta ya polisi. Dem anaingia stesheni akitetemeka, anasema kuna jamaa anamfuata wiki ya tatu sasa, na karao anamuuliza: "Kwani amekupiga? Si ni ex wako tu? Nendeni mkaongee mmalizane."

Hii niliiona kwa macho nikiwa bado chuo, kabla niachane na hiyo maneno ya masomo. Tulimsindikiza dem wa hosteli yetu kuripoti jamaa aliyekuwa anamngoja geti kila jioni. Siku ya kwanza akapewa namba ya OB. Siku ya pili akapata karao mwingine, akaanza story upya, akapewa namba nyingine. Mara ya tatu hakuenda. Alihama hosteli. Yaani yeye ndiye alihama, jamaa akabaki.

Na hapo ndipo kuna shimo. OB inaandika tukio moja moja, lakini stalker hafanyi tukio moja. Leo ni missed call 40. Kesho ni maua ofisini. Keshokutwa ume-mblock kila mahali, anakutumia M-Pesa ya shilingi kumi ndio jina lake litokee kwa simu yako. Jumapili yuko stage ya mat, "by bahati tu". Ukichukua kila kitu kivyake, hakuna kosa unaloliona. Ukiziweka pamoja, unaona mtu anayekuwinda. Karao ambaye hajafunzwa kuziweka pamoja atakuambia hakuna kesi, na pengine anaamini hivyo kabisa.

Uingereza walijifunza hii kwa uchungu. Shana Grice, msichana wa miaka 19 kutoka eneo la Brighton, aliripoti ex wake mara kadhaa mwaka wa 2016. Polisi walipogundua hakuwa amewaambia kwamba walikuwa wamedate, walimpiga faini yeye, pauni 90, ati anawapotezea wakati. Agosti mwaka huo huo jamaa alimuua. Sheria ya kuzuia stalking ilikuwa tayari kwa vitabu tangu 2012. Kilichokosekana ni mtu wa kuitumia pale kaunta.

Siku hizi polisi wa huko wanafunzwa maswali manne rahisi. Je, huyu mtu amekwama kwa mtu mmoja? Je, anamuwaza kupita kiasi? Je, anayefuatwa ameonyesha hataki? Je, inajirudia? Majibu yakiwa ndiyo, hiyo si "mambo ya mapenzi" tena. Na si mchezo: mwaka wa 2017 mtafiti Jane Monckton Smith, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa polisi, aliangalia na wenzake mauaji 358 ya wanawake Uingereza. Dalili za stalking zilikuwa kwa asilimia 94 ya kesi hizo. Kwa hivyo karao anayesikiliza vizuri pale mwanzo anaweza kuzuia mazishi.

Turudi home. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka tu kukimbia marathon ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na mpenzi wake wa zamani akachomwa nyumbani kwake Endebess, Trans Nzoia. Alifariki siku chache baadaye Eldoret. Familia yake ilisema hadharani kwamba polisi walikuwa wameshaambiwa kuhusu huyo jamaa. Mwaka huo huo, serikali yenyewe ilisema wanawake 97 waliuawa ndani ya takriban miezi mitatu.

Na usidhani Kenya haina sheria. Ile ya 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja stalking waziwazi, na inakuruhusu kuomba koti amri ya kumzuia mtu asikukaribie. Si lazima muwe mmeoana, hata uhusiano wa karibu unatosha. Ile ya makosa ya mitandao ya 2018, kifungu cha 27, inaweza kumpeleka mtu jela miaka 10 au faini ya milioni 20 kwa kukusumbua online. Lakini kuna pengo: kama ni stranger, fan ama customer anakufuata kwa miguu, hamjawahi kuwa kitu, sheria ya 2015 haikuwekwa kwa ajili yako. Hapo wabunge wana kazi.

Kortini nako, mambo ni yale yale. Dhamana ni haki ya kila mshtakiwa kwa Katiba, mpaka kuwe na sababu nzito ya kuinyima. Sasa, kama prosecutor ameleta faili ya "kuzua fujo" ya siku moja, hakimu atajuaje kwamba hii ni mara ya kumi? Ataachilia jamaa saa sita mchana, na saa kumi na mbili jioni jamaa yuko geti lako. Hakimu aliyefunzwa atauliza historia, na ataweka masharti: usimpigie, usimkaribie, usimtume beshte yako kwake.

Lakini pia tusidanganyane. Training ya Kenya tunaijua: hoteli Naivasha, chai na mandazi, picha ya pamoja, per diem, kila mtu nyumbani. Hiyo haitasaidia mtu. Mafunzo yaanzie Kiganjo, yafike kwa karao wa kaunta usiku wa manane, na yapimwe kwa kitu kimoja: mtu akiripoti mara ya pili, kuna aliyefungua ripoti ya kwanza?

Kabla hiyo siku ifike, jipange. Usidelete messages hata zikikukera, piga screenshot. Andika tarehe, saa na mahali. Kila ukiripoti, chukua namba ya OB na utaje zile za awali. Nenda na mtu. Namba 1195 ni ya bure, masaa 24. Na maboyz, hii inawahusu pia, kuna wasee wanafuatwa na wanaona aibu kusema.

Na beshte yako akikuambia kuna mtu anamfuata, usimuulize kama ni ex wake. Muulize imekuwa mara ngapi.