Mbona Mwanamke ni Hamsini?

Nimechoka kuambiwa kwamba watoto wa Modogashe, kaskazini-mashariki mwa Kenya, hawawezi kuchambua maandishi kwa kuwa wametoka katika jamii ya mdomo. Huo ni uvivu wetu walimu, tumeuvika joho la utaalamu. Kwa imani hiyo tunawalisha insha za mfano na methali za kufungulia, nao huzitapika kwenye mtihani. Mada iwe ukame, iwe ufisadi, methali ni ile ile.

Mtoto huyo huyo akitoka dugsi, chuo cha Kurani, jioni huwasikia wazee wakizozania kisima. Mmoja anadai, wa pili anauliza shahidi ni nani, wa tatu anakumbusha kesi ya zamani na kuonyesha inapoachana na hii. Kama huo si uchambuzi, basi sijui uchambuzi ni nini. Gabay, shairi la Kisomali, nayo hujibiwa kwa gabay, hoja kwa hoja, na bado mtunzi afuate herufi moja mstari hadi mstari. (Jaribuni, walimu wenzangu, muone.)

Maandishi nayo yapo. Mwaka 2001 viongozi wa jamii za wafugaji walikutana papa hapa wakatoa Azimio la Modogashe, ili kuzima mauaji ya kugombea malisho, maji na mifugo. Fidia ya mwanamume aliyeuawa: mifugo 100. Ya mwanamke: 50.

Weka ukurasa huo kando ya Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 159 inakubali usuluhishi wa jadi, mradi usikiuke haki za binadamu. Ya 27 inasema mwanamke na mwanamume ni sawa. Sasa uliza: mbona 50? Kikaoni nani hakusikika? Na muuaji akishalipa, mahakama ibaki na kazi gani?

Nitaambiwa walimu hakuna. Ni kweli. Tangu walimu walipouawa pamoja na abiria wengine wa basi la Mandera mwaka 2014, na wengine kuuawa Kamuthe mwaka 2020, walimu wengi wa kutoka nje ya eneo hili waliondoka, na pengo hilo halizibwi kwa makala. Lakini aliyebaki akiwa na kurasa hizo mbili ana somo la wiki nzima.

Nitaambiwa pia kwamba wazee watakasirika. Basi waalikwe darasani. Mwanafunzi atakayesema nusu ni haki aonyeshe kifungu. Atakayekataa naye aonyeshe chake, tena mbele ya babu yake.