Geji Kwanza, Risasi Baadaye

Mtu aliyeunda bunduki kwa mikono yake mwenyewe ana haki ya kuifurahia. Amekaa juma zima, pengine mwezi, mbele ya jiliwa. Amechagua mtutu, amechagua komeo, amelipiga msasa gogo la kitako hata likang'aa. Na sasa silaha iko mezani, mpya, haijapata kutoa hata mlio mmoja. Saa hiyo ndiyo ya hatari kupita zote. Maana kazi iliyobakia ni ndogo kwa macho, haichukui hata robo saa kwa mtu aliyeizoea, wala haiongezi uzuri wowote, na kwa sababu hiyo ndiyo inayorukwa. Ni kazi ya kupima nafasi ya risasi.

Yafaa kwanza ieleweke nafasi hiyo ni nini. Risasi ikisukumwa ndani ya chemba huenda mbele mpaka izuiwe. Kwa risasi nyingi za siku hizi, kama ile ya .308 Winchester, kinachozuia ni bega la ganda, yaani pale ganda linapoanza kuwa jembamba. Kwa risasi za kale zenye ukingo, kama .303 ya Kiingereza, kinachozuia ni ule ukingo wa kitakoni. Nyuma ya risasi husimama uso wa komeo, kile chuma kinachofunga bunduki. Umbali kutoka uso wa komeo hadi pale risasi inapozuiwa ndio nafasi tunayoinena. Ukiwa mfupi mno, komeo hukataa kufunga, na mwenye haraka hulilazimisha. Ukiwa mrefu mno, komeo hufunga vizuri kabisa, tena kwa ulaini unaopendeza. Hapo ndipo udanganyifu ulipo, maana mkono wa fundi huambiwa kuwa kazi ni njema wakati kazi ni mbovu.

Sasa na tutazame yanayotokea ndani ya bunduki yenye nafasi iliyozidi. Fataki ikigongwa baruti huungua, ganda hutanuka, na kuta zake za mbele, zilizo nyembamba, huzishika kuta za chemba. Kitako cha ganda, kwa kuwa hakikuegemea kitu, husukumwa nyuma hata kiligonge komeo. Shaba iliyo kati ya sehemu hizo mbili haina budi kuvutika. Ikivutika kidogo, hapana ajuaye. Labda utaonekana mduara unaong'aa juu kidogo ya kitako. Ikivutika zaidi hukatika. Nguvu iliyowekwa Marekani kuwa kikomo cha .308 ni ratili 62,000 kwa kila inchi ya mraba, na nguvu hiyo, ganda likisha kukatika, hutafuta njia ya kutokea. Mtutu uko mbele, lakini jicho la mpigaji liko nyuma.

Mafundi walikwisha kupata dawa ya jambo hili zamani. Ni vipande vya chuma kigumu vilivyochongwa kwa mfano wa risasi, navyo huitwa geji. Geji ya kwanza ni ya kukubali: komeo lazima lifunge juu yake. Ya pili ni ya kukataa: kwa bunduki mpya, komeo lisifunge juu yake kamwe. Ipo na ya tatu, ya bunduki iliyokwisha kutumika, ambayo ikikubaliwa na komeo silaha hiyo huondolewa kazini. Kwa .308 geji ya kukubali ina inchi 1.630, na ile ya kukataa kwa kawaida ina inchi 1.634. Tofauti yake ni sehemu nne za elfu ya inchi, kama unene wa karatasi moja ya kuandikia. Hapana jicho la binadamu liwezalo kuiona tofauti hiyo ndani ya shimo la chuma lenye giza.

Namna ya kupima nayo ina adabu yake. Kwanza huhakikishwa kwamba bunduki ni tupu. Komeo hutolewa na kuvuliwa pini ya kufyatulia, ndoana ya kuvutia ganda na springi ya kulirushia, ili kisibaki kitu cha kuudanganya mkono. Chemba husafishwa, geji hufutwa, kwa kuwa unyoya mmoja wa chuma uliosahauliwa na keekee waweza kuifanya bunduki mbovu ionekane nzima. Kisha komeo hufungwa kwa ncha za vidole. Si kwa kiganja, wala si kwa nyundo! Anayelazimisha komeo juu ya geji ya kukataa hapimi. Anaharibu geji na bunduki pamoja.

Wapo watakaosema kwamba fundi wa kweli hupima kwa jicho na kwa mkono, na kwamba babu zao hawakuwa na vipande hivi. Hoja hii ina heshima yake, lakini historia imekwisha kuijibu. Jeshi la Marekani liliunda bunduki ya M1903 katika viwanda vyake vya Springfield, Massachusetts, na Rock Island, Illinois. Wafua vyuma walikuwa watu wazima wa kazi, nao waliujua moto wa chuma kwa rangi yake. Mwaka 1917, Marekani ilipokuwa imeingia vitani, baadhi ya bunduki hizo zilipasuka. Uchunguzi ulipofanywa na vipima-joto kuwekwa, ilionekana kwamba chuma kile kile, kwa jicho lile lile, kilichomwa zaidi siku ya jua kali kuliko siku ya mawingu, kwa tofauti iliyoweza kufika digrii 300 za Fahrenheit. Katika mwanga wa jua rangi ya chuma kilichoiva haionekani vema, basi mfua vyuma huongeza moto. Chuma kilichozidishiwa moto huwa kikavu kama chungu. Bunduki zilizotiwa shaka ni zile za Springfield zenye namba chini ya 800,000 na zile za Rock Island zenye namba chini ya 285,507, na hata leo wajuzi wengi hushauri zisipigwe. Julian Hatcher, afisa wa silaha wa jeshi hilo, aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1947. Kosa la Springfield, ni kweli, lilikuwa la moto, si la nafasi ya risasi. Lakini ugonjwa ni ule ule wa kuamini jicho mahali panapodai kipimo, na waliougua hawakuwa wanagenzi bali mabingwa.

Watu wa Afrika Mashariki si wageni wa habari hizi. Askari wa K.A.R. waliopelekwa Burma mwaka 1944 walibeba bunduki za Lee-Enfield za .303, na wazee hao, ambao wengi wao wametangulia, walijua kwamba komeo la askari mmoja halitiwi katika bunduki ya mwenziwe. Namba iliyopigwa kwenye komeo ilipaswa kulingana na ya bunduki. Askari aliona ni amri ya sajini tu, kama amri nyingine za kambini. Kumbe ilikuwa na sababu: komeo lilifungwa kwa bunduki moja baada ya kupimwa, na likihamishwa kipimo hupotea. Katika Lee-Enfield namba 4 kichwa cha komeo huweza kufunguliwa na kubadilishwa. Vilitengenezwa vichwa vya namba 0 hadi 3, vilivyopishana urefu kwa elfu chache za inchi, na fundi wa silaha alichagua kwa geji kile kinachofaa. Bunduki hizo ziliundwa Uingereza, Kanada na Marekani, na risasi ile ile ilitumika katika zote, kwa sababu viwanda vyote vilitii kipimo kimoja.

Linalotusumbua zaidi ni swali hili: nani ashike geji? Waingereza walilijibu kwa sheria. Birmingham imekuwa na nyumba yake ya kujaribia bunduki tangu 1813, na sheria ya mwaka 1868 ilikataza kuuza silaha isiyokwisha kujaribiwa na kupigwa mhuri. Muundaji hawi hakimu wa kazi yake. Marekani haina nyumba ya serikali ya namna hiyo kwa bunduki za raia. Wenye viwanda waliunda chama chao, SAAMI, mwaka 1926, na vipimo vyake hufuatwa kwa hiari. Tena sheria ya taifa humruhusu raia asiyezuiwa kumiliki silaha kujiundia bunduki ya matumizi yake, ijapokuwa majimbo mengine yana masharti yake. Bunduki ya Savage 110 iliyotokea mwaka 1958 iliirahisisha kazi hii, kwa kuwa mtutu wake hukazwa kwa nati: mtu hutia geji ya kukubali, huzungusha mtutu hata ushike, hukaza nati, na bunduki imekwisha. Imekwisha kwake. Lakini nati ikikazwa yaweza kuusogeza mtutu, na asiyepima mara ya pili baada ya kukaza hajapima.

Hatuoni ubaya mtu kujiundia bunduki mahali sheria inapomruhusu. Tunaona ubaya mkubwa katika mazoea mawili yaliyoenea. La kwanza ni kununua geji moja tu na kubandika utepe wa gundi kitakoni mwake ili iwe geji ya pili. Utepe hubonyea, na unene wake hutofautiana kwa kila aina. Mtu ametumia fedha nyingi kwa mtutu, kisha anabana matumizi kwenye kipande cha chuma kinacholinda macho yake. La pili ni kusema, "Nimeipiga mara tano na haikuwa na neno." Ganda jipya laweza kustahimili kuvutika mara moja. Lakini wengi huokota maganda yao, wakayajaza baruti tena na kuyapiga tena, na kila mara shaba huzidi kuwa nyembamba mahali pale pale. Mara tano za kwanza hazishuhudii lolote juu ya mara ya sita.

Majeshi yenyewe yamekiri kwamba haifai kumwachia kila mtu kazi hii. Bunduki kubwa ya rasharasha ya Browning M2, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1933, ilimtaka askari arekebishe nafasi ya risasi kwa geji kila alipobadilisha mtutu, hata katikati ya vita, na waliokosea waliumia. Kuanzia mwaka 2011 jeshi hilo lilianza kugawa M2A1, ambayo nafasi yake imekwisha kuwekwa kiwandani. Ilichukua zaidi ya miaka sabini kufika hapo.

Raia aliye na jiliwa nyumbani hana kiwanda cha kumsaidia, wala mhuri wa Birmingham. Kwa hiyo twawaelekea wafanya biashara. Anayeuza mtutu peke yake au komeo peke yake auze pamoja nao geji mbili za risasi hiyo hiyo, au aziazime kwa ada ndogo, kama baadhi ya maduka yanavyofanya sasa, na aandike juu ya sanduku, kwa herufi zinazosomeka, kwamba vyuma vilivyomo havijapimwa pamoja. Mnunuzi asiyetaka kuzitumia na ampelekee fundi bunduki mwenye nazo, kabla ya kununua risasi.