Chupa Zinazotupwa Ngosi Haziendi Popote



Anayefika ukingoni mwa Ziwa Ngosi kwa mara ya kwanza hunyamaza. Tangu aiache barabara kuu ya Mbeya na Tukuyu, amepita kwenye mianzi na migomba mwitu, ameteleza, ameshika mizizi kwa mikono miwili. Sasa maji ya kijani yako chini yake kabisa, yamezungukwa na kuta zenye kimo cha zaidi ya mita 200, miti ikining'inia hadi ufukweni.

Halafu anatazama miguuni mwake. Chupa za plastiki, makopo ya bia, nepi, mkaa uliozimwa nusunusu, na magome ya miti yaliyochongwa majina ya wapenzi.

Wanaopiga kambi pale husahau, au hawakuambiwa, kwamba Ngosi ni ziwa la kreta lisilo na mto wa kutoa maji yake. Mto Kiwira, ulio jirani, husomba uchafu hadi Ziwa Nyasa, na huo nao ni msiba. Lakini Ngosi haina hata njia hiyo. Chupa ikibingirika kutoka ukingoni itanaswa kwenye miti au itatua majini, na hapo ndipo itakapokaa. Hakuna atakayeteremka ukuta ule kwenda kuiokota. Tangu Juni 1, 2019 nchi imepiga marufuku mifuko ya plastiki, nalo ni jambo jema, ila chupa zinaendelea kupanda mlima kwa makatoni.

Moto unatisha zaidi. Usiku wa Julai katika safu ya milima ya Uporoto, lilipo ziwa hili, ni baridi kali, na wapiga kambi hukata kuni mbichi palepale msituni, asubuhi wakaondoka majivu yakifuka. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka kwa zaidi ya wiki moja. Moto ulianzia Whona, mahali wapandaji wanapopumzika na kula. Watu walipambana nao kwa matawi na mapanga. Uporoto ukiwaka, mbega watakimbilia wapi, ilhali mashamba ya viazi yameshaubana msitu kila upande?

Wenye mamlaka ya msitu wanapokea kiingilio, basi na wakitumie. Kambi iwe chini ya mlima, mahali pa wazi, yenye choo na jiko la mawe, kuni zinunuliwe kwa wanakijiji. Kilimanjaro taka za kila msafara hupimwa kwenye mizani. Hapa vijana wanaoongoza wageni wanaweza kuhesabu na kuandika daftarini chupa zinazopanda na zinazoshuka, nao walipwe kwa kazi hiyo, kwa sababu leo wanaziokota bure, tena wanazibeba mgongoni.

Shule zinakaribia kufungwa na makundi yataanza kumiminika. Choo hicho na daftari hilo la kuhesabia viwepo kabla ya kundi la kwanza kupanda.

Msomaji,
Mbeya