Taa ya jukwaa ikigoma Baraka, ipimwe kabla ya kumkata fundi malipo

Katika sherehe za Baraka na Fizi, taa inayojizungusha ikikwama mbele ya watu, wa kwanza kulaumiwa ni kijana anayeiongoza. Anakatwa malipo usiku uleule, na kesho yake taa inatangazwa kuwa imekufa. Hiyo si haki. Mara nyingi taa haijafa, na aliyekosea si yeye.

Taa hizi zinataka umeme usioyumba, na Baraka inaishi kwa jenereta na sola. Jenereta moja inabeba spika, friji ya vinywaji na taa. Besi ikivuta, volti zinashuka, na mota inapoteza hesabu ya hatua zake. Waya mwembamba uliovutwa toka nyuma ya nyumba ya jirani unazidisha ubaya. Bado kuna barabara ya Uvira: mashimo yanalegeza plagi za ndani, na vumbi linaziba kijicho kinachoiambia taa kichwa chake kimeelekea wapi.

Kupima hakuhitaji maabara. Taa ikiwashwa huzungusha kichwa yenyewe kutafuta mahali pa kuanzia. Basi uchomolewe waya wa DMX, ule unaoleta amri, kisha iwashwe upya. Ikizunguka vizuri peke yake, ugonjwa uko kwenye waya au kwenye meza ya kuongozea. Ikigongagonga, atazame kijicho, mkanda, na kabla ya vyote kufuli ya safari, ambayo watu husahau kuifungua kisha wanalia na mota! Upande mmoja tu ukigoma, na mota zote mbili ni za aina moja, umeme uzimwe na plagi zao zibadilishane kwenye kadi. Ubovu ukihamia upande wa pili, kadi ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, ni mota au mkanda wake.

Wenye vifaa husema walitoa dola nyingi na vijana wanajifunzia juu ya mali yao. Ni kweli, wapo wanaofungua kila skrubu bila kuelewa. Lakini fundi anayefika pamoja na wageni atapima saa ngapi? Apewe jenereta saa moja mchana, taa zipate waya wao mbali na spika, na malipo yake yasiguswe mpaka ubovu ujulikane umetoka wapi.